Maji ya Moto

Niliuza ekari mbili za zabibu kule Mpunguzi
nikapandisha ghorofa, Majengo, nyuma ya soko.
Rangi ya ukuta niliichagua kwa dakika tano.
Vigae, nusu saa.
Moto ulinichukua miezi minne.

Alitangulia kijana wa tai na kijitabu cha picha:
"Mitungi ishirini, mama, yote poda, yote myekundu,
na misumari ya kutundikia nakupa bure."
Nilimwamini nusu. Bei ilikuwa nzuri.

Kisha akaja Ndahani, fundi, mtu wa Hombolo,
viatu vina saruji, kijitabu hana.
Hakuuliza nina shilingi ngapi. Aliuliza,
"Humu ndani, kitaungua nini?"

Sikuwa nimejiuliza.
Tukapanda ngazi tukihesabu mioto ambayo haijazaliwa.

Chini, kwa Mama Chilewa, karai la chipsi:
"Huu ukiumwagia maji unaruka hadi darini.
Mpe mtungi wa jikoni, mpe blanketi,
umfundishe mkono wake kabla ya siku yenyewe."
Chumba cha pili, vitenge, robota juu ya robota:
"Huu ni mnafiki. Utalala ndani ya kitambaa tangu magharibi
uamke saa tisa usiku. Huu unataka maji, tena mengi."
Juu, kwa wakili Mwaluko na kompyuta zake:
"Poda itauzima, na mafaili yatakwenda nao. Gesi."

"Na vile vinyunyizio vya darini?" nikauliza kijuaji.
Ndahani akafungua bomba la ukutani.
Likakohoa upepo. Siku ya tatu ya mgao.
"Bila tangi, mama, hayo ni mapambo."

Nikanunua tangi, lita elfu arobaini.
Lilijaa kwa wiki tatu, usiku kwa usiku,
nami nikisikiliza tone kama anayehesabu mahari.

Agosti upepo ukainua vumbi la Dodoma lote
likaingia kwenye vigunduzi vya moshi.
King'ora kikalia saa nane mchana.
Wakatoka mbio: fundi cherehani na futi shingoni,
wakili na kiatu kimoja,
Mama Chilewa na kijiko chenye mafuta bado.
Nikawahesabu. Kumi na saba.
Nikawahesabu tena.

Yobu mlinzi tulimkuta kwenye ngazi za dharura,
amebanwa nyuma ya magunia ya mchele
ya mpangaji aliyeniambia, "Siku mbili tu, dada."
Siku mbili zilikuwa zimetimiza mwezi.

Moto haukuwepo. Lilikuwa vumbi.
Nilitetemeka hata hivyo, mpaka jioni,
nikiwa nimesimama pale magunia yakitolewa moja moja.
Ngazi tupu haiuzwi dukani, haina risiti,
na mimi ndiyo niliyokuwa nimeisahau.

Ndahani alirudi, akacheka kidogo,
mlangoni na jikoni akafunga vigunduzi vya joto,
vya moshi akavipeleka ndani, mbali na upepo.

Oktoba mgao ulikaza. Mama Chilewa akaja na ndoo:
"Mbili tu. Maji yamelala huko juu bure."
Kodi yake haijawahi kuchelewa. Vyombo vyake vilimlundikia.
"Yale ni maji ya moto," nikamwambia.
"Ya moto?" akatazama paa. "Kwa jua hili, yatakosaje?"

Tulicheka hadi ndoo ikamponyoka.
Maji ya moto hayachomi nyumba, walisema wahenga;
hawakutuambia yanavyouma kuyanyima.
Nilimchotea mbili kutoka pipa la kwangu,
zile nilizoweka za kufulia.

Na juu ya paa yale mengine yamekaa,
si ya mboga, si ya udhu, si ya mtu,
yanangoja kitu
ambacho kila usiku naomba kisije.